Kwa unayeanza kufundisha watoto Kifaransa hapa Mwanza

Umepata kazi kwenye shirika, una cheti cha Kifaransa, na umeshachapa ratiba ya muhula mzima. Hongera. Ratiba hiyo iandike kwa penseli.

Ukipangiwa kituo karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kama Kirumba au Igombe, mahudhurio yatakwenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Siku za giza kuna watoto wanaoamka alfajiri kusaidia kuanika, na mchana wanakuja kwako wakisinzia, au hawaji. Siku hizo weka nyimbo na michezo, vitenzi vigumu visubiri mbalamwezi. Mfadhili akiuliza kwa nini idadi inapanda na kushuka, mweleze hivyo hivyo. Usipike takwimu. Masika nayo uwe na kazi ya picha au ya kuandika mkononi, maana mvua ikianza kupiga bati hakuna spika itakayosikika.

Darasani, anza na midomo. Ile "u" ya "tu" na "rue" mtoto wetu ataisema kama ya Kiswahili. Mwambie aseme "i", aishikilie, kisha abinue midomo kama anapuliza uji wa moto, ulimi usihame. Watacheka sana, waache wacheke. "Bon" watamalizia na ng'. Waambie sauti ipite puani lakini ulimi usiguse popote. Upatanisho hautawasumbua sana, aliyekua akisema "kitabu kizuri" na "vitabu vizuri" ameshazoea kivumishi kubadilika kufuata nomino. Kazi ipo kwenye kukumbuka lipi la kike, lipi la kiume, kwa hiyo usifundishe "table" peke yake, ni "la table" tangu siku ya kwanza.

Pengine mwenzako darasani atakuwa Mrundi au Mkongo, na kwake sabini ni "septante". Kitabu kilichotoka Ufaransa kinasema "soixante-dix". Wote wako sahihi, ila kubalianeni ofisini mapema, msije mkasahihishana mbele ya watoto.

Wazazi watakuuliza: "Mwalimu, Kiingereza chenyewe bado, hicho Kifaransa cha nini?" Swali la haki kabisa. Usiwaahidi Ulaya. Rwanda, Burundi na Kongo ni majirani, wote tuko nao Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo tangu 2022, na dagaa wa hapa wanafika huko. Mama anayeuza mwaloni anawajua wateja hao kuliko wewe. Usimfiche pia kwamba wateja wa Goma na Bukavu, kule Kongo, wataongea naye Kiswahili. Akikukuta mkweli hapo, atamleta mtoto na mdogo wake.

Kabla ya yote, pita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mwalimu mkuu, barua mkononi, salamu kwanza. Ukiwakuta wazee, "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inafungua mlango. Darasa la saba usiwagombanie wanapokaribia mtihani wa Septemba. Picha ya mtoto usipige bila idhini ya mzazi, hata kama ofisi inaihitaji kwa ripoti.

Na mkataba usome wote. Uliza mshahara wako unatoka mradi gani, mradi huo unaisha lini, na nauli ya kwenda vituoni analipa nani.