Herufi baada ya jina la mshauri zina maana gani?

SWALI: Anti habari za kazi. Kaka yangu amekunywa pombe kila siku kwa miaka mingi, na wiki hii amesema mwenyewe anataka kuacha, nyumba nzima tumelia. Tumepata washauri watatu wa mtandaoni, mmoja baada ya jina ameandika CADC, mwingine LCSW, wa tatu hana herufi ila anasema alikuwa mraibu akapona na ameweka picha ya cheti chake. Tumchukue nani? Naogopa manake tukikosea sijui kama atakubali tena.

JIBU: Mdogo wangu, mpeni hongera, kusema hivyo si kazi ndogo. Ila kabla ya mshauri yeyote, aende kwa daktari, na asiache ghafla kabla hajaonwa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kutetemeka, akaweweseka, akapata degedege, na watu hufa hivyo. Katika hao watatu hamna wa kumwandikia dawa, kwa hiyo hilo lianze.

Sasa herufi. Zote mbili ni za Marekani. CADC ni cheti cha mshauri wa ulevi na dawa za kulevya, yaani amesomea uraibu hasa, amefanya kazi chini ya msimamizi na amefaulu mtihani, ila masharti yanatofautiana jimbo hadi jimbo na mara nyingi hadaiwi digrii ya uzamili. LCSW ni leseni ya jimbo kwa mtu wa ustawi wa jamii mwenye uzamili, na California kwa mfano lazima amalize saa 3,000 chini ya msimamizi ndo aruhusiwe kusimama peke yake. Huyu anaweza kutibu sonona na kiwewe, lakini leseni yake haisemi kwamba anaujua uraibu, wapo wazuri tu ambao hawajawahi kukaa na mtu wa pombe hata mmoja, so muulize ameshika wagonjwa wa aina hiyo miaka mingapi na nani alimsimamia. (Ukikutana na ICAP, hiyo ni ya kimataifa, ilianzia Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki, nayo ni ya uraibu.)

Ile picha ya cheti ivute uikuze usome maandishi madogo. Kama imeandikwa "amehudhuria" au "ameshiriki" basi alikaa kwenye semina, labda siku mbili, hakuna aliyempima. Cheti chenye uzito kina namba, jina la bodi iliyotoa na tarehe ya kuisha. Simdharau, mtu aliyepitia anamjua kaka yako kuliko sisi wote na saa nane za usiku kiu ikimshika huyo ndiye wa kumpigia, ila kumshika mkono ni kitu kingine na kumtibu ni kitu kingine.

Hao wa herufi waombe namba, kisha utafute mwenyewe kwenye rejista ya bodi, usibonyeze linki aliyokutumia yeye. Angalia kama iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Na hili watu wengi hawalijui, leseni nyingi zinaangalia mgonjwa amekaa wapi, kwa hiyo muulize wazi kama anaruhusiwa kumtibu mtu aliye huko mliko. Aliye safi hakasiriki ukimuuliza, anakutumia namba hapohapo.

Ningekuwa mimi, kama kaka anakunywa kwa sababu ya jambo linalomtafuna ndani, msiba au kitu alichofanyiwa utotoni, ningeanza na LCSW, akijikanyaga kwenye maswali ya uraibu naenda kwa CADC. Kama ni pombe yenyewe tu imemkaba, CADC moja kwa moja. Yule wa tatu muwe naye pembeni, akikubali kuzungumza na mshauri mtakayemchagua.