Barua kwa mwanangu: namna ya kumwandika baba yako mdogo

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, na mama yako mdogo ameanza kula vizuri. Umeuliza kijitabu cha arobaini ya baba yako mdogo ukiandikeje, maana umejaza ukurasa mzima na ukiusoma unaona ungeweza kuwa wa marehemu yeyote. Umeona sawasawa. Kasoro iko kwenye sentensi ya kwanza: "Alikuwa mcheshi, mbunifu na mpenda familia." Ni kweli tupu, ila haimwonyeshi. Ifute. Mahali pake weka vitu alivyotengeneza na maneno aliyoyasema, vilevile yalivyomtoka.

Anza na kibatari, kwa kuwa nusu ya watu wa mtaa huu walisomea mwanga wake. Usiseme tu "alitengeneza vibatari". Eleza: kopo dogo la maziwa, mfuniko uliotobolewa katikati, mrija wa bati alioukunja kwa kuuviringisha kwenye msumari wa inchi nne, kisha akaulehemu ili mafuta yasivuje pembeni. Utambi ni wa uzi wa pamba, na aliuacha uchomoze kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu ukizidi hapo moto unakuwa mrefu na kufuka, asubuhi mtoto anaamka na masizi puani. Kando ya mrija alitoboa kitundu cha sindano. Vibatari vya wengine vilififia usiku wa manane ingawa mafuta yalikuwamo: mfuniko ukibana sana hewa haiingii, na mafuta hayapandi. Hicho kitundu ndicho ubunifu wake, kwa hiyo kiandike. Halafu mshikio. Aliukata kwa umbo la sikio la mtu, akimkabidhi mteja anamwambia, "Usiisengenye, ina sikio. Ukiisema vibaya inafuka." Ukishaeleza habari ya utambi, hata mgeni atacheka hapo, na atajua kwamba kila mteja alirudi nyumbani akikumbuka kupunguza utambi.

Magari ya makopo ya watoto, yenye magurudumu ya kandambili, yatoshe sentensi mbili. Kila mji una fundi aliyeyatengeneza.

Kibao cha dukani nacho kinataka uangalifu. Kiliandikwa: "Mkopo kapanda treni ya Mwanza, mdhamini kapanda ya Kigoma. Wakikutana, njoo." Mtu wa Tabora hahitaji maelezo. Wajomba zako wa Tanga wanaweza wasijue kwamba reli ya kati ikifika hapa inagawanyika, njia moja Kigoma, nyingine Mwanza, na kwamba hao wawili hawatakutana. Litaje hilo mapema, pale unapoeleza kwamba banda lake lilikuwa karibu na stesheni, ili kibao kikija msomaji awe anajua tayari. Ukilieleza baada ya kibao, mzaha umekufa. Na usiongeze kwamba watu walicheka sana.

Kuna mizaha ya kuacha. Uliotaja jina la mdaiwa aliye hai, uache. Ule wa ndoa aliozoea kumtania mama yako mdogo, muulize mwenyewe kwanza. Yuko eda, hatatoka, kwa hiyo nenda umsomee maneno yote kwa sauti ukiwa umekaa naye. Akinyamaza mahali, paondoe bila kumlazimisha aseme sababu.

Mizaha mikali mwachie mtani. Sisi Wanyamwezi tuna watani wetu, na yule Mzaramo wa mtaa wa pili alikuja msibani akatimiza utani wake hata waliokuwa wakilia wakacheka. Mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa nyumba hana: neno lilelile likitoka kwake ni heshima kwa marehemu, likitoka kwako linaweza kuonekana utovu wa adabu. Mpe ukurasa wake mmoja, aseme, wewe uandike bila kumsahihisha.

Mwaka wa kuzaliwa usiunakili kwenye kitambulisho. Kimeandikwa 1 Januari 1960, na tarehe hiyo kwa watu wa rika lake mara nyingi ni ya kukadiria. Shangazi yako anakumbuka kwamba alikuwa anatambaa Mwenge ulipowashwa Kilimanjaro, yaani Desemba 1961. Mtoto hutambaa akiwa na miezi saba hadi kumi. Basi andika "mapema mwaka 1961", inatosha.

Sasa uchapaji. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa nane, kwa hiyo hesabu yako iwe nane, isiwe saba wala tisa. Karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 7 upande wa pili. Ya ndani inabeba wa 6 na wa 3, kisha wa 4 na wa 5. Vijitabu vingi huharibika hapa: mtu huchapa kwa kufuatana, akikunja dua inajikuta katikati. Kunja nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote. Picha itoe kwenye fremu uipige nje kivulini, kwani kioo hurudisha mwanga. Iongeze weupe kidogo pia, la sivyo mashine ya nakala itaufanya uso wake kuwa doa la wino, na ule mwanya wake hautaonekana. Mwanya lazima uonekane.

Cha kusomwa kwenye hitma kisizidi maneno 500. Msomaji asiyekimbia husoma kama maneno mia kwa dakika, na dakika tano baada ya dua, kabla ya chakula, zinatosha. Mengine yabaki kwenye kijitabu.

Kibatari kimoja kipo juu ya kabati la mama yako mdogo, kile chenye sikio lililopinda. Kiangalie kwa macho yako kabla hujaandika, na upime mrija kwa rula.

Baba yako