Printa ya Wi-Fi imegoma tangu umeme ukatike

Pole dada. Kwa ulivyoeleza, steshenari yako hapo Mwanjelwa ina kompyuta inayotumia mfumo wa Ubuntu (Linux) na printa ya Wi-Fi; umeme ulikatika, na tangu urudi kazi zinapanga foleni tu, karatasi haitoki. Usikimbilie kufuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Ingekuwa draiva, juzi isingechapa.

Mimi naishuku ruta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi. Ikizimika na kuwaka, inaweza kuipa printa anwani nyingine ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kwenye ile ya zamani. Toa ukurasa wa mipangilio kwenye printa yenyewe, soma anwani yake, kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) andika ping na anwani hiyo, kuona kama printa inajibu. Isipojibu, hakikisha kompyuta haijabaki kwenye hotspoti ya simu uliyowasha gizani. Ikijibu, fungua localhost:631 kwenye kivinjari. Huo ni ukurasa wa CUPS, programu inayosimamia uchapaji. Badilisha anwani ya printa hapo.

Bado kuna foleni. CUPS ikiikosa printa huweza kuisimamisha, na kusahihisha anwani peke yake huenda kusiifungue. Angalia kwa lpstat -t. Ukiona disabled (imesimamishwa), kwanza futa kazi za zamani kwa cancel -a, la sivyo CV zote za wateja waliobonyeza mara tano tano zitamwagika na wino wako. Ndipo uandike sudo cupsenable na jina la printa.

Halafu ingia kwenye ruta, uifungie printa anwani moja ya kudumu kwa namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Kwa radi za Mbeya msimu wa mvua, lifanye leo leo.