Kuona utando wa seli kwa hadubini ya LED: vimbisha sampuli kabla ya kuwaza leza

Mkuu, umeuliza hivi: uko Mbeya, una hadubini ya LED ya fluoresensi (inayoonyesha rangi zinazong'aa zikipigwa mwanga) ya aina ile ile inayosomea makohozi ya TB, na unataka kuona jinsi protini zinavyojipanga kwenye utando wa seli za HeLa (seli za binadamu zinazooteshwa maabara). Je, ni lazima upate mfumo wa leza? Kwa kuanzia, hapana. Badala ya kuongeza nguvu ya hadubini, unaifungia sampuli ndani ya jeli inayonyonya maji, kisha unaivimbisha. Njia hii ilitoka maabara ya Ed Boyden, MIT, mwaka 2015, na kwa vifaa ulivyotaja naiona ndiyo ya kuanza nayo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa fomula ya Abbe ya 1873, umbali mdogo kabisa ambao lenzi hutenganisha ni urefu wa wimbi la mwanga ugawe kwa mara mbili ya NA, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi. Alexa Fluor 488, rangi utakayotumia, hutoa mwanga wa karibu nanomita 520. Lenzi ya 40x yenye NA 0.65 inakupa 520 ÷ 1.3, yaani 400. Sampuli ikivimba mara 4, hizo ni sawa na nanomita 100 za seli halisi. Utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hadi 8, kwa hiyo tabaka zake mbili za lipidi huwezi kuziona. Utaona mikunjo, vidole vyembamba vya pembeni mwa seli, na mafungu ya protini.

Kazi nyingi za utando huharibika kabla hata jeli haijachanganywa. Formaldihaidi, kemikali ya kuzikaza seli zibaki kama zilivyo, peke yake haizikamati vizuri protini zote za utando. Baadhi huendelea kutembea. Kingamwili unayopaka ili kuitia protini rangi nayo ina mikono miwili, ikikuta protini zinazotembea huzivuta pamoja, na unapata mafungu mazuri ambayo kwenye seli hayakuwepo. Tumia formaldihaidi asilimia 4 pamoja na glutaraldihaidi asilimia 0.1 ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti), dakika 10 hadi 15, ikiwa imepashwa hadi nyuzi 37. Kupasha ni muhimu hasa huko: Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na chupa iliyolala mezani ikimwagwa juu ya seli asubuhi, seli hujikunja kingo. Baada ya hapo weka sodiamu borohidraidi asilimia 0.1, iliyochanganywa muda huo huo, dakika 7, kuzima mng'ao wa glutaraldihaidi. Inatoa gesi ya haidrojeni, usifunge kifuniko. Suuza mara tatu.

Kama kingamwili yako inashika upande wa nje wa protini, usitumie Triton (aina ya sabuni) kabisa wakati wa kupaka kingamwili. Inayeyusha lipidi na kuondoka na baadhi ya protini unazozitafuta. Kama inashika upande wa ndani, tumia saponini (sabuni ya mimea inayotoboa utando) asilimia 0.1, na iwepo kwenye kila bafa ya kupaka kingamwili, kwa sababu matundu yake hujifunga ukiiondoa.

Rangi: Alexa 488, basi. Alexa 647, inayosifiwa sana kwenye mbinu za leza, pamoja na Cy3 na Cy5, huuawa na kemikali zinazogandisha jeli. Na usipake utando kwa DiI, rangi ya mafuta ya utando. Inakaa kwenye mafuta na haina pa kushikia kwenye jeli, hivyo itasombwa. Tumia lektini ya WGA (protini ya ngano inayoshika sukari za utando) iliyounganishwa na Alexa 488, mikrogramu 5 kwa mililita, dakika 10. Ni protini, inashikika. Kwa kuwa chujio la TB linakupa rangi moja tu, WGA iwe kwenye sampuli moja na protini yako kwenye nyingine.

Kushikiza kwenye jeli: wengi hutumia AcX (kemikali inayounganisha protini na jeli), mikrogramu 100 kwa mililita usiku kucha. Ni ghali na unyevu unaiua. Kwa seli zilizooteshwa juu ya kioo, glutaraldihaidi asilimia 0.25 kwa dakika 10, baada ya kingamwili zote, inatosha, na ile chupa unayo tayari.

Sasa jeli. Andaa mchanganyiko mkuu wa mililita 9.4: sodiamu akrileti ya gramu 33 kwa mililita 100, ml 2.25, akrilamaidi ya gramu 50 kwa 100, ml 0.5, bisakrilamaidi ya gramu 2 kwa 100, ml 0.75, chumvi ya molari 5, ml 4, PBS ya mara 10, ml 1, maji ml 0.9. Gawa na uhifadhi nyuzi -20. Vaa glavu muda wote, akrilamaidi ni sumu ya mishipa ya fahamu. Angalia sana sodiamu akrileti: ikiyeyushwa iwe kama maji. Ikiwa ya njano au ina mashapo, itupe, kwa sababu jeli yake haitabiriki.

Siku ya kazi, kwenye barafu, chukua mikrolita 188 za mchanganyiko, 4 za maji, 4 za TEMED ya asilimia 10, na mwisho kabisa 4 za amoniamu pasalfeti ya asilimia 10. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazogandisha jeli. Ubaridi wa Mbeya unakusaidia hapa, unapata dakika za kutosha kabla haijaanza kuganda, tofauti na mtu wa Kyela au Dar. Weka tone kwenye slaidi kati ya kava slipi mbili namba 1.5 zinazotumika kama vikingio, laza juu yake kava slipi yenye seli zikitazama chini, bila povu. Oksijeni huzuia kuganda, ndiyo maana kingo zilizo wazi hubaki telezi. Nyuzi 37, saa 1, kwenye chombo chenye unyevu.

Kata kipande cha milimita 5 kabla ya kuendelea, na pembe moja uikate mshazari ili ujue upande wenye seli ni upi. Ukisahau hilo utatafuta seli bila kuzipata: jeli ya mikroni 170 ikivimba hukaribia 700, na lenzi nyingi hazifiki upande wa pili.

Kisha saga protini kwa kimeng'enya cha Proteinezi K, yuniti 8 kwa mililita, kwenye Tris 50 mM pH 8, EDTA 1 mM, Triton asilimia 0.5 na chumvi molari 1, usiku kucha. Maelekezo husema "joto la chumba", lakini chumba cha Iringa au Njombe mwezi wa saba sicho wanachokimaanisha. Weka kwenye inkubeta, nyuzi 25. Usagaji usipokamilika, jeli haifiki mara 4 na seli huchanika.

Vimbisha kwa maji yaliyoondolewa ioni, badilisha mara 4, dakika 20 kila mara. Maji ya bomba yana chumvi, hayatafikisha. Pima kipenyo cha kiini cha seli kabla na baada, hesabu uwiano, ndipo uandike kipimo kwenye picha. Laza jeli kwenye kioo kilichopakwa poli-lisini, la sivyo itateleza wakati kamera inapiga. Utando ulio bapa hupoteza mwanga mara 16, kwa hiyo tegemea sekunde 1 au 2 kwa picha, na kamera ya rangi moja isiyorekebisha picha yenyewe. Simu haifai.

Daima weka sampuli yenye kingamwili ya pili (ile yenye rangi, inayoshika kingamwili ya kwanza) peke yake. Ikionyesha mafungu, hayo ya kwako usiyaamini.

Swali lako likishuka chini sana ya hizo nanomita 100, hapo fikiria leza. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha Africa Microscopy Initiative kinachopokea maombi ya watafiti wa Afrika. Kwa kazi ya dSTORM, mbinu ya leza inayopima molekuli moja moja, badili rangi iwe Alexa 647, usitie kwenye jeli, na ukisafirisha sampuli iwe ndani ya PBS yenye sodiamu azaidi asilimia 0.02, nyuzi 4, bila kugandishwa: barafu hupasua utando.