Jibu: Imani yangu ni ndogo, nipande mbegu ya 20,000?

Usitume hiyo pesa. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba ushirika wenu hapo Likoni umebaki watu sita, ukiomba unasinzia, vijana wamehama kwaya, na "mtumishi" amekwambia imani yako ni changa, upande mbegu, yaani umtolee sadaka ya 20,000, iamke. Hapo kwa mbegu ndipo nilipoacha kusoma vizuri, maana mimi nishapanda.

Mwaka 2017 nilikuwa nauza juisi ya ukwaju hapa Mikindani. Friza moja, niliyoinunua na pesa za chama. Kila Jumamosi nafagia kanisa letu la mabati, mabenchi manane, na najiona si kitu: kuhubiri sijui, nikishika maiki sauti inakauka. Bwana mmoja wa suti ya kung'aa, kwenye joto la Januari (hapo tu ningeshtuka), akanitazama akasema, "Mama, unyonge huo ni kifungo. Toa kinachokuuma." Cha kuniuma kilikuwa friza. Nikaiuza. Ilipakiwa kwenye mkokoteni barafu haijaisha, maji yakidondoka njia nzima mpaka kona ya kinyozi, na mimi nimesimama mlangoni nasema amina. Bahasha ya 18,000 akaipima kwa vidole, akauliza kama hakuna ya kuongezea. Ya kuongezea! Nikakopa 3,000 kwa shemeji. Mbegu ilimea kweli, ila kwenye shamba lake: mwezi wa pili alibadilisha gari. Mimi nikabaki na juisi ya uvuguvugu. Jaribu kuuza ukwaju wa moto Mombasa uone.

Na mwizi huyo hakunisomea Matendo 8, Simoni alipotaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha na Petro akamkemea, akamwambia apotee nazo. Wala Ufunuo 3:8. Kanisa la Filadelfia linaambiwa lina nguvu kidogo, na kwa hizo hizo kidogo limelitunza neno. Haliulizwi bahasha. Gideoni alipunguziwa watu kutoka 32,000 hadi 300, wewe walia na sita! Hapo Rabai tu, mmishonari Rebmann alikaa tangu 1846 hadi 1875, akaondoka macho yamepofuka, na waumini aliowaacha ni wachache.

Kwa hivyo dadangu, ukijiona mdogo, kaa na kazi yako ndogo. Fungua mlango, panga mabenchi, omba sentensi moja ulale. Anayekutoza kwa sababu u mdogo, mkimbie.

Mimi nilikaa miezi minne sikanyagi kanisani kwa aibu. Siku niliyorudi, bibi mwenye ufunguo hakuniuliza kitu. Alinipa fagio, akasema popo wamechafua pale mbele.

Ya kwaya tutaongea siku nyingine. Pesa bado iko kwa simu ama ushatuma? Jibu hapa.