Saa za eneo katika maelezo ya tukio
Umeuliza kama maelezo ya tukio kwenye kalenda yaonyeshe saa za eneo kila mara. Kwa maoni yangu, zionyeshwe pale tu zinapotofautiana na za msomaji, lakini hapo zisifichwe hata kidogo. Kikao cha kila wiki kilichopangwa saa 10:00 ya London huwa saa 13:00 kwa aliyeko Nairobi wakati wa baridi, kisha hugeuka saa 12:00, kwa kuwa Uingereza husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi ilhali Kenya haibadilishi, na mwalikwa asiyeona hilo hukosa kikao bila kosa lake. Chini ya kichwa weka mstari mmoja, "12:00 Nairobi, 10:00 London", kisha mahali na kiungo. Orodha ya waalikwa inaweza kukunjwa.