Funza yumo ndani ya shina

Swali la wiki hii: kwa nini maharage ya bustanini huota vizuri, kisha wiki ya pili au ya tatu hunyauka mche mmoja mmoja ilhali udongo una unyevu?

Kabla hujaongeza maji au mbolea, ng'oa mche ulioanza kuwa njano, utazame pale shina linapoingia ardhini. Kama pamevimba na kupasuka, bandua ganda kwa ukucha. Ukikuta vidude vya kahawia iliyokolea, vidogo kama punje ya ufuta, huyo ni inzi wa maharage, funza wake akiwa amejifunga kwenye gamba kabla ya kuwa inzi kamili. Usipoviona, na mizizi imelainika na kugeuka rangi ya kutu, ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Shina lililokatwa kama kwa wembe ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche.

Inzi huyu ni mweusi wa kung'aa, milimita 2 hivi. Hutaga mayai kwenye majani mawili ya kwanza, maharage yakiwa ndiyo kwanza yameota. Funza hushuka kwa kupitia kikonyo mpaka kitako cha shina, akila njia ya maji na chakula. Kwa hiyo kupulizia dawa mche ulioshageuka njano ni kupoteza fedha.

Kinachookoa ni jembe. Wiki ya pili hadi ya tatu, palilia na upandishie udongo laini kuzunguka shina, kimo cha sentimita 5 hivi. Mche utatoa mizizi mipya juu ya jeraha, mradi udongo huo usikauke. Tandaza nyasi kavu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: tumebananisha mistari hata udongo wa kuvuta haupo. Acha sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 3 hadi 5.

Msimu ujao panda mvua zinapoanza. Anayechelewa hupokea inzi waliokwisha kuzaliana kwenye maharage na kunde za jirani. Changanya samadi iliyooza vizuri. Mche wenye nguvu huhimili funza wachache. Mbegu iliyopakwa dawa hukinga wiki za mwanzo, lakini kama unachuma majani kwa mboga, soma kwanza maelezo ya pakiti.

Miche iliyokufa ichome moto. Ukiitupa kwenye shimo la mboji, inzi wazima watatokea humo humo.